Mlicheka Pasipochekwa

Kuna kicheko kimoja kimenikaa rohoni tangu 2014, na leo nakirudisha kwa wenyewe.

Tulikuwa sebuleni kwa rafiki yetu mmoja hapa Uingereza, pilau imekwisha, ikawekwa Gravity, ile filamu ya Alfonso Cuarón iliyotoka 2013 na mwaka uliofuata ikabeba tuzo 7 za Oscar. Ni dakika 91 tu, lakini robo saa haijafika hukumu zikaanza. "Mama huyu kazi yake kuhema!" "Kumbe hii si sinema, ni mkanda wa wagonjwa wa pumu." George Clooney alipojifungua kamba akapotelea gizani, bwana yule yule wa pumu akasema, "Heri yake, katoka mapema."

Hapo hata mimi nilicheka, tena kwa haki. Wale wawili walikwisha simama, hapakuwa na kitu kinachomvuta tena. Angevutwa kidogo tu angerudi. Na ile safari ya kutoka darubini ya Hubble, iliyokuwa juu kilomita 550 hivi, hadi kituo cha anga kilichoko kwenye 400 hivi, na kila kimoja kina njia yake, ni sawa na kuruka kutoka daladala ya Mbagala ukatua kwenye boti ya Zanzibar. Hata mtaalamu wa nyota Neil deGrasse Tyson aliuliza mbona nywele za Sandra Bullock hazielei. Lakini yeye baadaye alisema filamu aliipenda. Wetu hawakufika huko.

Wao walisema taka za angani ni hadithi za kutungwa. Haya. Katika filamu Warusi wanalipua setilaiti yao wenyewe, vipande vinasambaa. Novemba 2021 wakafanya hivyo kweli, wakaipiga Kosmos 1408, na waliokuwa kituoni, Warusi wenzao wakiwemo, wakajifungia katika vyombo vyao tayari kukimbia. Na tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma ya kilo 500 hivi ilianguka kijijini Mukuku, Makueni, Kenya. Waulizeni wa Mukuku kama ni hadithi.

Hayo nayasamehe. Nisichosamehe ni ile sehemu ya redio. Dakta Stone yuko peke yake ndani ya chombo kisicho na mafuta, akanasa sauti ya mtu wa Greenland ambaye hawaelewani hata neno. Mbwa wa kule akabweka, naye akabweka. Akasikia mtoto mchanga analia, akaomba aendelee kusikia. Sebule nzima ikaangua kicheko: "Kashapagawa!"

Jamani, ninyi? Ninyi mliokaa na kadi za simu za kukwangua, za pauni 5, zinazokata katikati ya neno? Majira ya baridi ya kwanza niliyopitia nchi hii, mwaka 2003, maneno yaliniishia na dakika bado zipo. Nikamwambia mama asikate. Akaisogeza simu dirishani, nikasikiliza mvua ikipiga mabati mpaka kadi ikaisha.

Na bwana wa pumu alikuwa mlangoni pangu, kadi mkononi, anangoja zamu yake.