KABLA YA KUBONYEZA "NAKUBALI"

Wahenga walinena kuwa ukiona vyaelea, vimeundwa. Lakini sisi wa siku hizi tukiona vyaelea twapanda tu. Hatuulizi nani aliunda, wala alituachia kwa masharti gani.

Shangazi yangu ana kibanda hapa mtaani Fedha, huchapisha kadi za harusi na vijitabu vya mazishi. Kuchora huchora kwa programu iitwayo Inkscape. Mwaka jana fundi mmoja alimsakinishia, akalipwa shilingi 1,500. Hapo sina neno, mtu hula jasho lake. Mwaka huu karudi, eti anataka 1,500 nyingine za "kurefusha leseni". Shangazi akalipa. Likizoni nilipoenda kumsaidia nikaifungua leseni yenyewe. Salaala! Ilikuwa mumo humo kompyutani tangu siku ya kwanza.

Leseni hiyo huitwa GPL. Ni ya shirika la Free Software Foundation, lililoanzishwa na Richard Stallman huko Marekani mwaka wa 1985. Toleo lake la 3 la mwaka wa 2007 lasema hivi kwa ufupi: uko huru kuitumia programu, kuchunguza ilivyoundwa, kuibadilisha na kuwapa wengine. Ukiwapa, sharti uwape na haki zizo hizo pamoja na msimbo wake. Mtu anaweza kuuza nakala au kulipwa kwa kazi yake, lakini hawezi kukutoza ada ya leseni kwa haki ulizokwisha kupewa. Tena kifungu cha 9 chasema huhitaji kuikubali leseni ili upate nakala au uiendeshe.

Sasa basi, kwa nini baadhi ya programu huru hutuwekea kitufe cha "Nakubali"? Naona ni kuiga programu za kulipia, ambazo masharti yake aghalabu ni makatazo matupu. Nasi tumezoea. Maandishi marefu ya Kiingereza yakitokea, wewe unabonyeza tu ili mambo yaendelee. Hivyo haki zetu zinatupita kama matatu iliyojaa.

Wapo wasemao ukurasa huo uondolewe kabisa kwa kuwa kukubali si lazima. La hasha! Ukiondolewa, kina shangazi watajulia wapi? Maoni yangu ni kuwa programu inaposakinishwa itoe mistari minne ya Kiswahili chepesi inayotaja haki zetu, kisha kitufe cha "Endelea". Leseni kamili ya Kiingereza ibaki hapo chini, maana ndiyo rasmi. Muhtasari kazi yake ni kueleza tu.

Asiniambie mtu kwamba Kiswahili hakiwezi. Mwaka wa 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Nasi Kenya, Katiba ya 2010, ibara ya 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi.

Wanachama wenzangu, tuanze sisi. Tuiandike mistari hiyo minne, walimu watusahihishie, tuibandike katika chumba cha kompyuta. Nakala moja nitampelekea shangazi aitundike kibandani, fundi akirudi aikute ukutani.

Naomba kutoa hoja.

Mwanachama, Kidato cha Tatu