Namba Kubwa ya Mtafiti na Harambee ya Waorma

 

Juzi tulikuwa tukibishana kuhusu nadharia ya michezo, ile hisabati ya watu ambao faida ya kila mmoja inategemea pia uamuzi wa mwenzake. Jamaa mmoja akanifunga mdomo kwa namba. Mtafiti anayemwamini ana h inayozidi 100, wewe una nini? Mimi nina shahada ya kompyuta na chumba cha kupanga hapa Ayany, basi.

Hiyo h ilipendekezwa mwaka 2005 na mwanafizikia Jorge Hirsch. Ukiwa na makala 20 ambazo kila moja imetajwa na wengine angalau mara 20, h yako ni 20. Unapanga orodha, unashuka ukihesabu, unasimama. Ni mistari mitano ya Python! Nimeandika programu ya kugawa zamu za walinzi iliyo ngumu kuliko hiyo, na hakuna aliyeniita profesa.

Tazama inavyofanya kazi. H haiwezi kupita idadi ya makala ulizoandika. John Nash aliandika machache. Makala yake ya 1950 kuhusu msawazo haizidi kurasa mbili, na ndiyo msingi wa kazi iliyompa Nobel mwaka 1994. Leo watu wanautumia msawazo wa Nash bila hata kuitaja makala yenyewe, kama vile usivyomtaja aliyebuni sifuri. Upande wa pili kuna Ike Antkare. Huyu hajawahi kuzaliwa. Mwaka 2010 Cyril Labbé wa Grenoble alitumia programu ya kutunga makala za upuuzi, akazifanya zitajane zenyewe kwa zenyewe, na Google Scholar ikampa Antkare h ya 94. (Litamke jina hilo haraka kwa Kiingereza, utasikia mtu akisema hawezi kujali.)

Lakini kinachoniuma zaidi kiko hapa Kenya. Mwanaanthropolojia Jean Ensminger aliwachezesha Waorma wa Tana River michezo ya pesa. Mmoja ulikuwa hivi: kila mchezaji anaweka sehemu ya pesa zake katika chungu cha pamoja, mtafiti anaziongeza maradufu, kisha wote wanagawana sawa, hata yule aliyeweka sufuri. Mkiwa wanne, shilingi unayoweka inakurudia nusu. Hesabu ya ubinafsi inasema usiweke kitu. Waorma waliuangalia, wakasema huu si ni harambee tu? Wakachanga kwa wastani asilimia 58.

Hapo ndipo penye utamu wote wa jambo hili. Wachezaji hawakujibu swali la mtafiti peke yake. Walilitafsiri, na tafsiri yao ikawa maelezo bora ya matokeo: watu hawaingii mchezoni wakiwa weupe, wanakuja na desturi za kwao. Wazo hilo sasa linarudiwa kila mahali. Makala ya 2001 katika American Economic Review, iliyojumlisha jamii 15 wakiwemo Waorma na Wahadza wa Tanzania, imetajwa maelfu ya mara. Ina waandishi saba. Ensminger hayumo kati ya hao saba. Jina lake liliingia katika makala ndefu ya 2005, yenye waandishi 17. Kama hata aliyekwenda Tana River mwenyewe anahesabiwa kwa kuchelewa, yule mzee aliyesema "harambee" atahesabiwa lini? H yake ni sufuri milele.

Mtaniambia kutajwa sana ni ushahidi kwamba jambo ni kweli. Kweli? Sisi wa Kibera tuliandikwa kwa miaka kwamba tuko milioni moja, kila ripoti ikinakili ya mwenzake. Sensa ya 2009 ikahesabu watu 170,070. Bishaneni na sensa mkitaka, lakini ile milioni haikupata nguvu kwa kuhesabiwa, ilipata nguvu kwa kurudiwa.

Na si mchezo wa wazungu tu. Mwaka 2014 Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ilitoa vigezo vya pamoja vya kupandisha wahadhiri vyeo, na machapisho yakageuzwa pointi. Mpe mtu yeyote aliyesoma nadharia ya michezo kanuni hiyo, atakwambia mapema mchezaji atafanya nini: atagawanya utafiti mmoja vipande vitatu, atamtaja rafiki ili rafiki amtaje. Huyo si mhadhiri mbaya. Anacheza mchezo aliowekewa.

Kwa hivyo ndugu yangu wa juzi, najua unasoma hapa. Niambie ni makala gani ya huyo bwana umeisoma, ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, na inasema nini. Nitakujibu hapa hapa chini.