Kura ya Mke Haimo Kwenye Mahari



Mimi ni binti wa miaka 17, nasoma skuli hapa Unguja, na uchaguzi wa Oktoba 2025 umenipita kwa umri tu. Wenzangu darasani wananiita bi kizee, na sioni tabu. Sendi matamasha, navaa nikabu kwa hiari yangu, naamini mume ndiye msimamizi wa nyumba, na naamini mke akimtii mumewe katika mema basi yumo kwenye ibada. Nayatanguliza haya asije mtu akasema nimelishwa maneno na watu wa semina. Ninalotaka kusema ni la mshika dini kabisa: kura ni amana, na amana ya mke haihamii kwa mume kwa sababu amelipa mahari.

Kila msimu wa uchaguzi visiwani kwetu una maneno yake ya jikoni. "Ukiwapa wale kura, ujue na kwenu." Wengine wanasema kwa utani, wengine wanamaanisha. Baada ya uchaguzi wa 2015, ule uliofutwa na kurudiwa Machi 2016, vyombo vya habari viliripoti wanawake wa Zanzibar waliopewa talaka kwa sababu ya kura tu. Hawakuiba wala hawakuzini. Na wazee wetu wanajua kuwa hilo si jipya. Miaka ya tisini, hasa Pemba, watu walifika kutosaliana msikiti mmoja, kutonunua duka moja, na kutozikana. Wakubwa wakaja wakapeana mikono, Rais Karume na Maalim Seif, Novemba 2009. Mwaka uliofuata tukapiga kura ya maoni, ikaja Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Alhamdulillah. Lakini hakuna aliyekaa kikao cha maridhiano kwa ajili ya mke aliyerudishwa kwao na begi lake. Wanasiasa walirudiana, yeye hakurudiwa.

Sasa tulitazame jambo lenyewe kwa jicho la dini, maana hapo ndipo wanaume wengi wanapojificha. Mume anasema, "Ukipigia chama fulani, huna ndoa." Hii inaitwa talaka ya kufungamanisha. Jamhuri ya wanavyuoni, na sisi wa madhehebu ya Shafi'i tumo, wanasema sharti likitokea, talaka imeshuka. Ibn Taymiyya ameona kuwa kama mume alikusudia kumtisha tu, hicho ni kiapo, na kinachomlazimu ni kafara. Mimi si mwanachuoni, na aliyefikwa na hili asichukue fatwa kwangu, aende kwa kadhi. Lakini hebu fikirini uzito wake. Kura ni siri. Mwanamke anaingia chumbani peke yake na karatasi zake tano, anatoka na wino kidoleni, na hakuna ajuaye alichotia isipokuwa yeye na Mola wake. Kwa hiyo huyu bwana, kwa hasira za barazani, amemtia mkewe kwenye mtihani wa aina hii: ama apige kura kinyume na anachokiona ni haki, ama apige anachokiamini kisha akae ndani na mume asijue kama bado ni mumewe. Watoto wanaokuja baada ya hapo nao waingie kwenye shaka. Yote hayo kwa ajili ya diwani! Mwanamume anayejua thamani ya nikaha haifungi kamba kwenye sanduku la kura.

Na wanaosema mambo ya uongozi hayamhusu mwanamke, wasome sira vizuri. Katika Baia ya pili ya Aqaba walikuwepo wanaume zaidi ya sabini na wanawake wawili, na mmoja wao ni Nusayba bint Kaab. Surat Al-Mumtahina imetaja baia ya wanawake kwa Mtume (s.a.w.), wanawake wenyewe kwa ndimi zao. Waume zao hawakuwatolea. Siku ya Hudaybiya, Masahaba walipokuwa wazito kuchinja na kunyoa, aliyetoa rai ni Ummu Salama (r.a.), na rai yake ikafanyiwa kazi. Wote hao walikuwa na staha kuliko sisi, na staha yao haikuwafunga midomo.

Hapa kwetu, uchaguzi wa kwanza wa 1957 wanawake hawakupiga kura. Walipiga kwa mara ya kwanza Januari 1961. Bibi zetu wale walitoka na mabuibui yao, wakapanga foleni, wakarudi nyumbani kupika. Kwa hiyo anayeniambia kuwa mwanamke mwenye heshima haonekani kituoni, anawatukana bibi zetu.

Pamoja na hayo, sitaki mnielewe kuwa nafurahia kila mwanamke anachofanya kwenye siasa. Mikutano ya kampeni inanikera. Tunabebwa kwenye magari tangu asubuhi, tunapewa kanga na fulana, tunawekwa mbele kwenye jua tukatike mauno kwa nyimbo za mgombea, na kamera zinatuvuta karibu. Vyama vyote vinafanya, kijani na zambarau. Halafu usiku majina ya wagombea yanapopangwa, ndani wamo wanaume. Tuna viti maalumu Barazani, asilimia arobaini ya idadi ya majimbo, si haba. Lakini kwenye majimbo yenyewe yanayogombewa, hesabuni wanawake mnieleze. Kama siasa inamtaka mwanamke kwa kiuno chake na haimtaki kwa akili yake, basi mshika dini ndiye wa kwanza wa kulipinga. Ajabu ni kuwa masheha na mashekhe wengi hulikalia kimya hili, kisha humkemea binti aliyekwenda kituoni na nikabu yake.

La Rais nalo naulizwa sana. Mama Samia ni wa kwetu, mtoto wa Kusini Unguja, amevaa mtandio wake tangu alipoapishwa Machi 2021. Wapo ndugu zangu katika imani wanaotaja hadithi ya kaumu iliyomtawaza mwanamke, na wanavyuoni wameizungumza kwa marefu na kuhitilafiana. Wapo na wanaotaka nimuunge mkono kwa kuwa tu ni mwanamke Muislamu. Mimi siko huku wala kule. Kiongozi ninampima kwa uadilifu, na mtandio hauongezi wala haupunguzi kwenye mizani hiyo.

Ndiyo maana Oktoba 29 siwezi kuiruka. Mtandao ulizimwa siku kadhaa, watu walikufa huko Bara, na idadi yao bado inabishaniwa. Sipendi vurugu, sipendi mali za watu zichomwe, na nimelelewa kuamini kuwa utulivu ni neema. Lakini nilisikia watu wazima kwetu wakisema, "Hayo ya Bara, sisi hayatuhusu." Yanatuhusu vipi yasituhusu? Kuna mama pale Dar es Salaam alitafuta mwanawe spitali hii na ile. Sisi hapa Januari 2001 tulizika watu wetu, na tuliumia nchi nzima ilipotutazama tu. Mtu wa dini akinyamaza juu ya damu kwa kuwa chama chake kimeshinda, simuelewi. Tume ya uchunguzi imeundwa. Ninachoomba ni kuwa iseme kweli, na majina ya waliokufa yajulikane wasomewe hitma na waombewe wenye kuombewa.

Turudi kwenu mabibi harusi, maana ninyi ndio niliowakusudia. Mnapopakwa singo na hina, somo anakufundisheni mengi, mengine mimi natolewa chumbani nisiyasikie. Ombeni na hili lifundishwe. Posa inapokuja tunauliza ukoo, kazi, sala, kama anavuta sigara. Tumuulize na hili: siku ya kura, mkeo atapiga kwa rai ya nani? Akijibu kwa hasira, mmeshapata jibu kabla ya kununua kitanda. Walii naye anaweza kulisema mbele ya mashahidi, kwa upole, kuwa binti yetu tunakupa kwa kitabu na sunna, na jina la chama halimo kwenye mkataba. Sioni mume mwema atakayeudhika. Naye mke, kwa upande wake, asimtangazie mumewe kura yake kwa kumkomoa, na asiilete ndani kuwa fimbo. Siri ile ni sitara ya wote wawili.

Uchaguzi ujao ni 2030. Nitakuwa na miaka 22, inshaAllah, pengine nimeshaposwa. Baba atamuuliza kijana kuhusu sala na riziki yake. La kura nitamuuliza mwenyewe, mlango wazi, kaka yangu amekaa pale pale.