Kabro Isitandazwe Kabla Msingi Haujakaguliwa

SAUTI YA NYANZA KUSINI
Na Achieng' Odundo

Nafurahi kuona kabro, yaani matofali ya zege ya kutandazwa sakafuni, ikitandazwa Homa Bay na Migori. Mama anayeuza omena sokoni anajua jinsi tope la masika linavyomfukuzia wateja, na jinsi vumbi la kiangazi linavyomharibia bidhaa. Sakafu safi kwake ni mtaji.

Hofu yangu ni kilicho chini ya sakafu hiyo. Sehemu kubwa ya Ndhiwa na bonde la Lambwe ina udongo mweusi wa mfinyanzi, unaofura ukilowa na kupasuka ukikauka. Ukiutandazia kabro bila kuuondoa, mvua zikija sakafu hubonyea huku na kuinuka kule, maji yakatuama, na lawama ikaangukia kabro yenyewe.

Kazi sahihi inajulikana. Udongo mbaya huchimbwa ukatolewa, murram ikajazwa na kushindiliwa tabaka kwa tabaka. Juu yake hulazwa tabaka jembamba la mchanga, kisha kabro, na pembeni kingo za zege ili safu zisisambae. Mtaro wa maji ni lazima. Unene nao una kanuni: milimita 60 hutosha njia ya waenda kwa miguu, lakini panapopita matatu na malori huhitajika 80.

Kabro haishikani kwa saruji. Kila moja hubanwa na jirani yake, na mchanga wa katikati huzikaza. Ndiyo maana bomba likipasuka chini, fundi huzing'oa, akatengeneza, akazirudisha zilezile. Siri hiyo ya kubanana si ngeni kwetu. Thimlich Ohinga, kilomita 46 hivi kutoka mjini Migori, ina kuta za mawe zinazoaminika kuanza kujengwa karne ya 16 bila chokaa wala saruji, nyingine zikipita mita 4 kwenda juu. UNESCO iliziorodhesha kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2018. Waliozijenga walichagua kila jiwe na mahali pake. Hawakuwa na haraka ya sherehe za uzinduzi.

Napendekeza mambo mawili kwa serikali za kaunti zetu. Kwanza, mkandarasi asiruhusiwe kutandaza kabro hata moja, wala asilipwe, kabla mhandisi hajapima msingi na matokeo kubandikwa hadharani. Pili, kabro zinunuliwe kwa vikundi vya vijana wa hapa, mradi zipimwe nguvu kwenye maabara kama za mfanyabiashara mwingine yeyote.

Nawe msomaji, Katiba ya 2010 imekupa haki ya kushirikishwa. Mkutano wa bajeti ukiitishwa wadini kwako, usiulize tu kabro zitafika lini. Uliza watachimba kina gani, watajaza nini, na nani atakagua. Usitoke mkutanoni bila jibu.