Ati Lili Haina Poleni Kwa Hivyo ni Salama? Salama kwa Nani?

Wasee wa Parklands, tuongee. Mnazijua hizi lili za Kiasia, zile zimejaa petali ndani ya petali mpaka ua linakaa waridi. Enyewe ni noma, sitadanganya. Hazina ile harufu kali ya kukuumiza kichwa kwa bedsita, na ule unga wa rangi ya machungwa wenye huharibu shati jeupe hakuna. Nyuzi za katikati zenye hubeba poleni zimegeuka zikawa petali, ndio maana petali ni nyingi hivyo. (Nyuki akipitia hapo anaondoka njaa, lakini hiyo ni posti ya siku ingine.)

Sasa muuzaji mmoja hapa mtaani akaniambia hata nyumba yenye paka ni sawa, ati shida ya lili ni poleni pekee. Nikaamini. Nikabebea mathe shada moja siku yake ya kuzaliwa.

Mandazi, paka wetu, alitafuna ncha ya jani. Jani tu! Usiku akatapika. Asubuhi akajificha chini ya kiti, akakataa hata omena. Tukadhani ni tumbo. Tulipomfikisha kwa daktari siku ya tatu, figo zilikuwa zimeisha.

Kwa paka, lili yote ni sumu: petali, jani, shina, poleni, hadi maji ya vasi. Iwe ya Kiasia, iwe ile ya harufu. Ukitoa poleni umetoa kipande kimoja tu cha sumu. Figo hufa ndani ya siku 1 hadi 3, na masaa ya kwanza ndiyo huokoa. Akitapika tu, kimbia. Usingoje kama sisi.

Najua mtaniambia ningesoma kabla ya kununua. Sawa. Lakini mimi niliuliza, na yeye ndiye alisema salama, na hakuna mtu alimlazimisha. Kama hujui, sema hujui, niuzie waridi za Naivasha. Hizo paka atafune mpaka achoke.

Na sisemi lili zipigwe marufuku. Huna paka? Jaza nyumba.

Jumamosi nilirudi kwa huyo muuzaji nikamwambia. Akacheka: "Kwani paka yenu hukula maua, chakula hakuna?" Nikamjibu hakuna paka tena. Akanyamaza. Dada mmoja kando yangu, lili tayari mkononi, akazirudisha kwa ndoo polepole, akaulizia waridi ni ngapi.