Chimbua uyoga mpaka mzizi kabla haujaingia jikoni

Mvua zinaposhika kasi Nduguti na vijiji vingine vya Mkalama, uyoga huchomoza kwenye vichuguu, kando ya mashamba na chini ya miti. Ni mboga tamu, tena ya bure. Lakini uyoga wa aina isiyofaa, uliochanganywa na mzuri katika chungu kimoja, unatosha kuua mtoto.

Tuanze na imani zinazodanganya. Wapo wanaosema uyoga ulioliwa na wadudu au konokono ni salama. Wengine hutumbukiza kijiko cha fedha, kitunguu au mchele kwenye sufuria na kusubiri ubadilike rangi. Vipimo hivyo havina ukweli. Sumu kali kuliko zote za uyoga haiishi kwa kuchemsha, kukausha wala kutia chumvi, na uyoga wenyewe unaweza kuwa mtamu mdomoni.

Kinachosaidia ni kuutazama uyoga mzima na mahali ulipoota. Kosa kubwa ni kuuchuma kwa kukata shina. Uyoga unaoharibu ini mara nyingi huota kutoka kwenye kikombe, yaani mfuko mweupe uliojificha udongoni. Ukikata shina, kikombe kinabaki ardhini na wewe unaondoka bila kuiona alama ya hatari. Chimbua mpaka chini. Ukikuta kikombe, na hasa kama shina lina pete na chini ya kofia ni kweupe, uache. Kweli, katika misitu ya miombo wapo wanaokula aina fulani yenye kikombe, lakini wamefundishwa tangu utotoni. Asiyefundishwa asijaribu.

Uyoga mkubwa wa kwenye vichuguu una shina linalozama chini sana kuelekea makao ya mchwa, hauna kikombe, na mara nyingi kofia yake ina kinundu katikati. Hata hivyo, kuota juu ya kichuguu si ushahidi peke yake, kwani uyoga mwingine nao unaweza kuota kwenye udongo huo.

Jihadhari pia na uyoga mkubwa mweupe, wenye magamba ya kahawia, unaoota kwenye majani mafupi. Ukikomaa, chini ya kofia yake hugeuka kijani. Weka kofia juu ya karatasi nyeupe usiku kucha: ikiacha unga wa kijani, tupa. Lakini usipouona ukijani, usidhani basi uyoga huo ni salama.

Wazazi, shikeni hili la dalili. Mtu aliyekula saa mbili usiku anaweza kulala vizuri, kisha akaanza kutapika na kuharisha saa kumi na moja alfajiri. Kuchelewa huko, saa sita au zaidi baada ya kula, ni ishara mbaya. Baada ya siku moja hivi kutapika hukoma, na familia hushukuru kwamba mgonjwa amepona. Kumbe ini linaendelea kuharibika, na siku ya tatu au ya nne macho yanageuka manjano.

Kwa hiyo usingoje, wala usidanganyike na nafuu hiyo. Mpeleke mgonjwa kituo cha afya mara moja, pamoja na wote waliokula chungu kile, hata wasio na dalili. Usimtapishe kwa nguvu. Kama ana fahamu na anaweza kumeza, mpe maji au maji yenye chumvi maalumu ya kuharisha mkiwa njiani. Beba mabaki ya uyoga ndani ya karatasi, na mweleze daktari saa mliyokula na saa dalili zilipoanza.

Ujuzi wa uyoga upo kwa bibi na mama zetu, nao unapotea kimya kimya. Serikali za vijiji na wahudumu wa afya ngazi ya jamii wawaite wajuzi hao kabla ya masika, waonyeshe vijana uyoga halisi mkononi, si kwa maneno. Mtoto asitumwe kuchuma peke yake. Na mjuzi akihama kwenda mkoa mwingine, ajifunze upya kwa wenyeji, kwa kuwa anayemfahamu huko atokako anaweza kuwa na pacha mwenye sumu huku.

Ukiwa na shaka hata kidogo, utupe. Njaa ya usiku mmoja ina dawa asubuhi, lakini ini likishaharibika, tiba yake ni ngumu.