MTAMBO WA KUCHUJA CHUMVI: TUPIME KWANZA

Ndugu wanaushirika,

Mradi wetu wa kuosha pikipiki na kufua nguo una shida. Maji ya kisima yana chumvi, sabuni haitoi povu, na pikipiki ikikauka inabaki na madoa meupe. Wapo wanaosema tununue mtambo. Sikatai, ila tuujue.

Pampu inasukuma maji kwa nguvu kwenye utando mwembamba mno. Maji safi yanapita, chumvi inabaki na kutoka na maji ya kumwaga. Mtambo mdogo waweza kumwaga nusu ya maji au zaidi, na maji hayo hayafai shambani. Sisi wa Handeni, tunaongojea Mto Pangani utufikie kwa bomba kuu kutoka Korogwe tangu miaka ya 1970, tumwage ndoo ili tupate ndoo?

Maoni yangu:
1. Maji ya kisima yapimwe kwanza.
2. Muuzaji aandike: anamwaga kiasi gani, utando unadumu muda gani, mwingine bei gani.
3. Tujenge tangi la mvua la kufulia, maana mvua haina chumvi. Mtambo, kama tutanunua, uwe mdogo, wa kusuuzia mwisho tu.

Fedha hii ni jasho letu sote. Mkutanoni tuamue kwa hesabu, siyo kwa maneno matamu ya muuzaji.

Katibu wa Chama, Kijiji